Injini ya 4G63: nafasi za ndani za kupima kabla ya kufunga

Swali: Naijenga upya injini ya 4G63 ya Mitsubishi Lancer Evolution IX hapa Mombasa, kwa ajili ya otokrosi na rali za klabu. Silinda zimepanuliwa kutoka 85.0 hadi 85.5 mm, pistoni ni fojidi (za kufuliwa, si za kusubu), konrodi (mikono inayounganisha pistoni na krenki) ni za umbo la H, kamshafti ni kubwa kuliko za kiwandani, na springi za valvu ni mpya. Karatasi ya pistoni inataka nafasi ya 0.090 mm kati ya pistoni na silinda. Sisi tumepata 0.075. Fundi anataka bloku irudi kwenye honingi, yaani silinda zisuguliwe kwa mawe zipanuke kidogo. Vitu vingine, anasema, vimetoka kwenye boksi, havina haja ya kupimwa. Je, yuko sahihi? Na kama si hivyo, nipime nini?

Jibu: Ndugu yangu, bloku isirudi kwenye honingi mpaka ujue mlipima saa ngapi na karakana ilikuwa na joto kiasi gani. Namba za karatasi ya pistoni ni za vitu vilivyotulia kwenye nyuzi 20 za Selsiasi. Karakana ya paa la mabati Mombasa, alasiri, hufika 35 bila shida. Pistoni zako, ikiwa ni za aloi ya 2618 kama zilivyo fojidi nyingi za mbio, hupanuka karibu mara mbili ya chuma cha kusubu cha bloku. Kwa kipenyo cha 85.5 mm, kila nyuzi 10 huinenepesha pistoni kwa 0.019 mm, ilhali silinda hutanuka 0.009 tu. Kwa hiyo kila nyuzi 10 juu ya 20 hula 0.010 mm ya nafasi, na nyuzi 15 hula 0.015. Rudisha hiyo 0.015 kwenye 0.075 yenu, utapata 0.090 kamili. Huenda silinda zako ziko sawasawa kabisa, na honingi ya ziada ingekuachia 0.105: pistoni inagonga ukuta injini ikiwa baridi, ringi zinayumba, oili inapanda juu.

Na kama pistoni ziliachwa juani mlangoni huku bloku ikiwa ndani kivulini, hesabu huharibika zaidi. Pistoni iliyofika nyuzi 45 imenenepa karibu 0.05 mm kupita ilivyo kwenye 20. Hapo mtu anaweza kuapa kwamba pistoni haziingii.

Pimeni upya hivi. Ingizeni bloku, pistoni zote nne, maikromita na geji kwenye chumba chenye kiyoyozi kilichowekwa nyuzi 20 hadi 22, vilale humo usiku kucha. Bloku ya chuma haipoi kwa saa moja. Asubuhi pimeni humo humo, na pistoni isishikwe kiganjani muda mrefu, kwa sababu mkono una nyuzi 30 na zaidi. Kisha angalieni mnapima wapi. Pistoni si duara wala si mcheduara. Ina umbo la yai kidogo, na imetuna kama pipa. Karatasi inataja umbali maalumu kutoka ukingo wa chini au kutoka chini ya mfereji wa ringi ya oili, kwenye sketi (ubavu wa chini wa pistoni), digrii 90 kutoka kwenye pini. Ukipima mahali pengine utapata namba nyingine, na zote mbili zitaonekana za kweli. Kama sketi imepakwa rangi nyeusi ya kupunguza msuguano, someni kama namba ya karatasi inahesabu rangi hiyo au la. Unene wake pande mbili unatosha kabisa kuleta mabishano kama haya yenu.

Swali la mwisho kuhusu silinda: je, waliozipanua walifunga bamba nene la chuma juu ya bloku, likakazwa kwa stadi zilezile (nondo za kukazia kwa nati) na torki ileile (nguvu ya kukazia) itakayokaza hedi? Stadi za hedi zikikazwa huvuta bloku na kuifinya silinda isiwe duara. Silinda iliyo duara bila bamba haitakuwa duara hedi ikiwa juu yake. Kama bamba halikutumika, hilo ndilo jambo la kurudisha bloku, siyo 0.015.

Sasa hoja ya fundi kwamba kipya hakipimwi. Ingekuwa kweli kama nafasi ingekuwa mali ya kitu kimoja. Lakini nafasi iko kati ya vitu, na injini yako ina krenki iliyong'arishwa mahali pamoja, konrodi za kiwanda kingine, beringi za kiwanda cha tatu na stadi zinazokaza kwa nguvu kuliko bolti za Mitsubishi. Hakuna boksi hata moja lililoandikwa namba utakayoipata ukiviunganisha. Kwa hiyo pima kila kitu kikiwa kimekazwa vile vile kitakavyofanya kazi: bolti zilezile, mafuta yaleyale kwenye nyuzi zake, torki ileile. Konrodi iliyokazwa nusu haina tundu la duara, na namba utakayosoma humo haina maana.

Vifaa. Maikromita tatu: 25–50 mm kwa shingo za konrodi kwenye krenki, yaani sehemu za duara zinazozunguka ndani ya beringi (kipenyo 45 mm), 50–75 kwa shingo kuu (57 mm), na 75–100 kwa pistoni. Ziwe za kusoma 0.001 mm. Geji za tundu mbili: ya 35–60 mm inatosha kwa beringi zote, na ya 50–150 kwa silinda. Geji ya saa yenye kishikio cha sumaku, fila geji (vibamba vyembamba vya kupimia pengo), gurudumu la digrii, na spana ya torki iliyokaguliwa. Kalipa ya vernia usiitumie kwa chochote kati ya haya. Haioni sehemu ya mia ya milimita kwa uhakika. Kama huna maikromita, kazi hii ipeleke kwa karakana ya kuchonga iliyo nazo, lakini uwepo na uandike namba mwenyewe.

Beringi za krenki na konrodi

Hapa ndipo injini nyingi zilizojengwa upya hufia, basi usiharakishe.

Pima shingo ya krenki kwa maikromita, ifunge maikromita kwenye namba hiyo hiyo, kisha iweke geji ya tundu kati ya midomo yake na uzungushe uso wa saa usome sifuri. Ukiipeleka geji ndani ya beringi iliyokazwa, mshale unakuonyesha nafasi moja kwa moja, bila kutoa namba kubwa kutoka namba kubwa. Njia hii pia inafuta makosa ya maikromita yenyewe, maana chombo kimoja kimetumika pande zote mbili.

Pima kwenye mstari wa digrii 90 kutoka mahali nusu mbili za beringi zinapokutana. Vibao vya beringi, yaani hizo nusu zenyewe, vimetengenezwa vinene katikati na vyembamba kuelekea kwenye maungio, makusudi, ili oili iingie na kofia (kifuniko kinachokaza nusu ya beringi) isiishike krenki inapofinywa. Ukipima karibu na maungio utapata nafasi kubwa na utafikiri konrodi imekwisha.

Kanuni ya wajenzi ni sehemu moja ya elfu ya kipenyo: 57 mm inataka karibu 0.057, na 45 mm karibu 0.045. Kwa injini ya turbo ya rali inayotumia oili ya 10W-50 au karibu na hapo, beringi kuu ziwe kati ya 0.050 na 0.063 mm, za konrodi kati ya 0.045 na 0.056. Chini ya hapo, krenki inapopinda kidogo kwenye mzunguko mkubwa hugusa beringi. Juu sana ya hapo, oili humwagika pembeni, presha hushuka injini ikiwa moto kwenye ailo (ikiunguruma bila kukanyagwa), na konrodi za mwisho kwenye mstari wa oili ndizo hulia njaa kwanza. Ukitaka kukaa kwenye oili nyepesi ya 5W-40, lenga upande mdogo wa namba hizo. (Usizipeleke namba hizi kwenye Subaru EJ ya jirani. Bloku yake ni ya alumini, na nafasi ya beringi kuu hupanuka inapopata moto. Hesabu zake ni nyingine.)

Namba isipokaa vizuri, usikimbilie kusaga krenki. Viwanda vya beringi za mbio huuza vibao vyenye ziada ya 0.025 mm ya nafasi, mara nyingi huandikwa herufi X mwishoni mwa namba ya bidhaa. Ukiweka kibao kimoja cha kawaida na kimoja cha X kwenye shingo moja, unaongeza nusu, yaani karibu 0.012. Hilo linakubalika, mradi vibao vya X vyote vikae upande mmoja, ama juu kwenye shingo zote ama chini kwenye shingo zote, na vyote vitoke kiwanda kimoja.

Kila shingo pima sehemu tatu kwa urefu wake na pande mbili kwa mzunguko. Tofauti ya zaidi ya 0.005 mm kati ya ncha moja na nyingine maana yake krenki imesagwa mshazari, na beringi itakula upande mmoja. Andika kila namba kwenye karatasi yenye jedwali la shingo zote tisa. Mkononi mwa mtu anayejua kusoma, jedwali hilo linasema zaidi ya wastani wowote: shingo nne zikisema 0.054 na moja 0.038, tatizo haliko kwenye beringi bali kwenye ile kofia moja, labda kuna uchafu nyuma ya kibao, labda kofia imegeuzwa.

Uchafu nyuma ya kibao ni jambo dogo linaloua. Unywele mmoja au punje ya mchanga wa Bamburi nyuma ya beringi huinyanyua na kula nafasi yote mahali hapo. Futa tundu la konrodi na mgongo wa kibao kwa kitambaa kisichotoa nyuzi, pakauke kabisa. Oili huwekwa uso wa ndani tu. Ncha za kibao zikitokeza kidogo juu ya ukingo wa kofia, ndivyo inavyotakiwa, maana hizo ndizo humbana kibao kisizunguke. Asije mtu akazipiga tupa.

Angalia pia kwamba kibao chenye mfereji na tundu la oili kiko upande wa bloku, na tundu lake linaonana na tundu la bloku. Kikikaa upande wa kofia, shingo hiyo haipati oili hata tone, na injini itadumu dakika chache.

Kuhusu Plastigage, ule uzi wa plastiki unaobanwa halafu ukapimwa upana: utumie kama shahidi wa pili, siyo hakimu. Haukuonyeshi mshazari wala tundu lisilo duara, na ukiizungusha krenki hata kidogo uzi ukiwa ndani, umeuharibu. Ukikubaliana na geji ndani ya 0.010 mm, lala salama. Wakipingana, pima tena kwa geji.

Kama umebadilisha bolti za kofia kuu ukaweka stadi, matundu makuu yote yapimwe bila beringi, stadi zikiwa zimekazwa. Stadi hufinya kofia kwa namna tofauti na bolti, na mara nyingine mstari mzima wa matundu huhitaji kuchongwa upya.

Bolti za konrodi ni afadhali zipimwe kwa kuvutika kwake kuliko kwa torki pekee. Pima urefu wa bolti kabla, kaza, pima tena. Karatasi ya bolti inataja ni kiasi gani ivutike. Ukitumia torki, tumia mafuta yale yaliyokuja nayo. Torki ileile juu ya oili ya injini inatoa mkazo mwingine kabisa.

Krenki kwenda mbele na nyuma

4G63 ya Evo IX ni ile ya bolti saba za flaiweli, ya ukoo mmoja na iliyokuwa kwenye Eclipse za miaka ya 1995 hadi 1999, zilizosifika vibaya kwa krenki kutembea: beringi ya msukumo huliwa, krenki inasogea mbele na nyuma, na sensa na klachi vinaharibika pamoja nayo. Kwa hiyo hapa usikisie.

Beringi ya msukumo iko kwenye shingo kuu ya katikati. Kabla ya kukaza kofia hiyo, kaza kwa mkono tu, kisha igonge krenki kwa nyundo ya plastiki kuelekea nyuma na halafu mbele, ili nyuso mbili za beringi, ya bloku na ya kofia, zikae kwenye mstari mmoja. Halafu kaza ukiwa umeisukuma krenki mbele. Hatua hii ikirukwa, nusu moja tu ya beringi ndiyo itabeba msukumo wote wa klachi. Weka geji ya saa kwenye ncha ya krenki, isukume kwa bisibisi kubwa mbele na nyuma, usome. Kiwanda kinakubali 0.05 hadi 0.25 mm, kwa kazi yako lenga 0.10 hadi 0.18. Klachi ya mbio yenye sahani nzito inailemea krenki kila ukikanyaga, basi iweke gia huru na uwashe bila kukanyaga klachi, hasa asubuhi oili ikiwa imeshuka.

Konrodi nazo zina uhuru wa pembeni kwenye shingo zao. Fila geji, kati ya 0.10 na 0.25 mm. Kikizidi kidogo si msiba. Kikipungua, konrodi inaungua.

Ringi

Ringi za pistoni fojidi huja na ncha ndefu makusudi ili uzichonge mwenyewe. Ukiziweka kama zilivyo, siku ya kwanza ya kazi nzito ncha hugusana, ringi haina pa kwenda, na ukingo wa pistoni kati ya mifereji hupasuka. Sababu inaonekana kwa hesabu ndogo. Mzunguko wa silinda ya 85.5 mm ni karibu 268.6 mm. Ringi ikiwa moto kuliko silinda kwa nyuzi 100, hurefuka takriban 0.31 mm. Kwa nyuzi 150 hurefuka 0.46. Ndiyo maana kwa turbo ya mashindano ringi ya kwanza hupewa 0.0055 ya kipenyo, yaani 0.47 mm. Ya pili ipewe 0.50 au zaidi kidogo. Kazi yake kubwa ni kukwangua oili, na ikibana sana huzuia gesi iliyopita ya kwanza, ikainyanyua ya kwanza kwenye mfereji wake. Vile vyuma viwili vyembamba vya ringi ya oili visipungue 0.38. Karatasi ya pistoni ikitaja kanuni yake, fuata hiyo.

Ingiza ringi kwenye silinda itakayokaa, siyo nyingine. Isukume kwa pistoni iliyogeuzwa hadi karibu 25 mm chini, inyooke sawasawa, kisha fila geji. Chonga ncha moja tu, jiwe likizunguka kutoka nje kuelekea ndani, ili kingo ya nje isimeguke, na ondoa ukali kwa kupapasa kwa jiwe laini. Chonga kidogo kidogo, kilichoondoka hakirudi. Kumbuka pia kwamba silinda ikipanuka 0.010 mm, pengo la ringi huongezeka 0.03, na hii ni sababu nyingine ya kumaliza ugomvi wa honingi kabla ya kugusa ringi.

Nafasi ya ringi ndani ya mfereji wake, juu na chini, iwe 0.03 hadi 0.08 mm. Pini ya pistoni iteleze kwa uzito wake ikiwa na oili, bila kucheza. Klipu za pini zikae kwenye mfereji mzima. Zungusha kila moja uione imekaa.

Kimo cha pistoni na hedi

Funga pistoni moja bila ringi, weka geji ya saa juu ya bloku, uitafute pistoni inapofika juu kabisa. Soma juu ya mstari wa pini, siyo ukingoni, maana pistoni baridi huyumba na ukingo hudanganya. Fanya hivyo kwenye silinda zote nne. Bloku ikiwa imesawazishwa uso mara mbili tatu na watu tofauti, silinda ya kwanza na ya nne huweza kutofautiana.

Nafasi kati ya pistoni na hedi ni kimo hicho pamoja na unene wa gasketi iliyobanwa. Pistoni ikiwa chini ya uso wa bloku kwa 0.10 na gasketi ya tabaka za chuma ikiwa 1.3 mm, una 1.40. Kwa konrodi za chuma usishuke chini ya 1.0 mm, kwa sababu kwenye mzunguko mkubwa konrodi huvutika, beringi hutoa nafasi yake yote na pistoni huyumba, vyote kwa pamoja. Kila 0.1 mm inayokwanguliwa bloku huondoa 0.57 sentimita za ujazo kila silinda (ya hedi huondoa pungufu kidogo), na kupandisha mgandamizo. Usiache kumwambia anayekutengenezea ramani ya kompyuta.

Valvu na pistoni

Kwa kamshafti kubwa, kipimo hiki si cha hiari. Mkanda wa taimingi wa 4G63 ukikosea meno machache, valvu na pistoni hugongana hata kwa kam za kiwandani.

Wengi huweka udongo laini wa kuchezea juu ya pistoni, wanafunga hedi, wanazungusha, wanakata udongo na kupima. Kwa injini hii njia hiyo hudanganya, kwa sababu inatumia lifta za oili, vipande vinavyojaza pengo la valvu kwa presha ya oili. Lifta isiyo na presha hubonyea chini ya springi ngumu, valvu haifunguki hadi mwisho, na udongo unakuonyesha nafasi ambayo haipo. Chukua lifta mbili za zamani, zifungue, weka washa ndani zisibonyee, urefu ukiwa ule ambao valvu imefungwa na hakuna kinachocheza kati ya roka (mkono unaosukuma valvu) na kam. Weka springi laini za kupimia kwenye valvu mbili za silinda ya kwanza, moja ya kuingiza na moja ya kutolea. Funga hedi na gasketi ya zamani iliyokwisha kubanwa yenye unene uleule, kaza, weka mkanda na taimingi utakayotumia, na gurudumu la digrii kwenye krenki.

Sasa geji ya saa juu ya kikombe cha springi. Anzia digrii 20 kabla ya pistoni kufika juu, mpaka 20 baada ya hapo, kila digrii mbili: simamisha krenki, sukuma valvu kwa kidole mpaka iguse pistoni, soma, andika. Ya kutolea huwa na nafasi ndogo kabisa karibu digrii 10 kabla ya kilele, ya kuingiza karibu 10 baada yake. Usikubali chini ya 2.0 mm kwa ya kuingiza na 2.5 mm kwa ya kutolea. Ya kutolea hupewa zaidi kwa sababu pistoni inaifukuza ikipanda; springi ikichoka valvu ikachelewa kufunga, hiyo ndiyo hugongwa kwanza, na pia ina joto zaidi, hivyo hurefuka.

Evo IX ina MIVEC (mfumo unaobadilisha wakati wa kufunguka kwa valvu) upande wa kuingiza, na hapa wengi hukosea. Injini ikiwa imezimwa, gia ya kam hiyo hukaa kwenye kuchelewa kabisa. Ukipima hivyo tu, umepima hali iliyo salama zaidi. Fungua pini yake ya ndani kwa hewa ya kompresa kupitia tundu la oili la kuwahisha, isukume gia hadi mwisho wa kuwahi, kisha rudia vipimo vya valvu ya kuingiza. Namba hiyo ndiyo ya kuamini. Ikitoka ndogo, una njia mbili: kuchonga zaidi mifuko ya pistoni (mabonde ya kupisha valvu), au kuweka kikomo cha kuwahisha kwenye kompyuta. Ya pili peke yake ni hatari, kwa kuwa solenoidi (valvu ya umeme inayopeleka oili kwenye gia hiyo) ikikwama haisomi kompyuta.

Pima pia ukingo wa valvu kwa upande, dhidi ya ukuta wa mfuko wa pistoni. Hapo udongo unafaa, na usipungue 1.3 mm. Valvu za ukubwa wa ziada hugusa ukuta wa pembeni kabla hazijagusa sakafu.

Kwenye hedi yenyewe, springi ikiwa imefunguliwa kwa kimo chote cha kam, ibakize 1.0 hadi 1.5 mm kabla ya koili kugusana, na kati ya kikombe cha juu na sili ya valvu kuwe na 1.5 mm. Koili zikigusana, roka huruka kutoka mahali pake.

Vidogo visivyosamehe

Bloku ya Evo ina vimiminio vya oili chini ya kila silinda. Zungusha krenki pole pole ukiangalia kwa tochi: konrodi za H na sketi za fojidi hupita karibu sana navyo. Vikigusana, pinda kimiminio kidogo, lakini kiendelee kulenga chini ya pistoni. Kama umeondoa shafti za balansi, beringi zake zizungushwe au zizibwe ili matundu yake ya oili yafungwe. Yakiachwa wazi, presha uliyoihesabia kwa 0.055 mm itakimbilia huko.

Unapofunga moja kwa moja, zungusha krenki kwa spana ya torki ya mshale baada ya kila hatua: krenki peke yake, kisha baada ya kila pistoni, na uandike nguvu inayohitajika kuifanya iendelee kuzunguka. Krenki pekee izunguke kwa vidole. Kila pistoni yenye ringi iongeze kiasi kinachokaribiana na zilizotangulia. Namba ikiruka kwenye pistoni ya tatu, simama hapo hapo, uitoe hiyo ya tatu, uangalie kofia, kibao na ringi zake kabla hujashika ya nne.